Kaona Robo, Kasema Zima

Ngamiani, Barabara ya Kumi na Tatu
4 Juni 2025

Wifi yangu Asmahani,

Assalamu alaikum. Huku hatujambo, ukitoa miguu yangu, mgongo wangu na kaka yako. Barua hii anakuletea Shekhe, yule muuza manukato, jina tu hilo, usheikh hana. Mfukoni nimekutilia ubuyu na pilipili ya kusaga. Ukikuta pakiti ya ubuyu imefunguliwa, ujue ni yeye.

Unaniuliza kwa nini sinunui simu nyingine tukaongea kama watu. Wifi, simu nitanunua, lakini ya kwanza unajua ilivyokufa. Ulinitumia sauti yako, unanipa habari za harusi ya jirani yako, utamu umenikolea, mara nyuma yako Hisham anasema, "Shangazi, chumvi iko wapi?" Neno hilo tu. Kaka yako akainyanyua simu kwa ule mkono wake mzima akaitumbukiza mtungini. Nikamwambia, Masoud, yule mwanao anatafuta chumvi. Akasema, "Niliapa sitasema naye wala sitasikia sauti yake." Akageukia ukutani. Miaka yote hii, kwa ajili ya posa aliyoikimbia Hisham. Na huyo Azza mwenyewe, aliyeachwa kwenye mataa mahari ishapokelewa, kashaolewa Pangani, kazaa pacha, kanenepa, tukionana sokoni anacheka mpaka anashika kiuno. Asiyesahau ni kaka yako peke yake.

Haya, lililonikalisha kitako kuandika ni ile gemu ya mkononi uliyomletea alipopigwa na kiharusi. Daktari alisema vidole vifanye kazi. Mwanzo alikuwa anaishika kama mtu aliyepewa kaa mzima. Sasa kila baada ya alasiri anataka aketishwe, awekewe mto, acheze mpira na mtu wa mbali huko mtandaoni anayejiita Mpitanjia. Ule mkono uliokufa umerudi, wifi. Juzi kanifinya. Niliona raha nikamwambia rudia.

Lakini mwezi huu kioo kimeingia ukungu. Wachezaji kama wamejifunika chandarua, mpira huuoni. Nimefuta kwa kanga, nimefuta kwa limau, wapi. Mzee anasogeza pua mpaka inagusa kioo, machozi yanamtoka, na haachi. Nachelea akikata tamaa atarudi kulekule kwenye kugeukia ukuta, na miye kumgeuza mwanamume mzima kitandani peke yangu nimechoka. Watu wananiona nacheka barazani. Nikiingia ndani nakalia ndoo, natazama miguu yangu, basi.

Waulize dukani kwenu, ile mashine ina nini.

Wifi yako,
Fakhria

*

Muscat
19 Juni 2025

Kwako wifi Fakhria,

Ubuyu umefika. Pakiti mbili zilikuwa wazi, siyo moja.

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama dukani, mgongo unaniuma, mume wangu kaenda kuchukua mzigo, na wateja wa huku wanataka kila kitu jana. Kwa hiyo nitasema kwa ufupi.

Kioo chenu hakina ugonjwa. Mashine ile ni ndogo, haina nguvu ya kuchora picha kubwa mfululizo, betri ingekwisha kabla maji ya chai hayajachemka. Kwa hiyo inachora picha ndogo, halafu ndani yake kuna kitu cha kuikuza. Kinaangalia ile ndogo, kinakisia nyasi zilivyo, kinakisia uso wa mchezaji, kinajaza, mpaka macho yako yanasadiki. Sisi tunakiita kikuza picha. Cha kwenu ni mali ya kampuni, kimefungwa kwa kufuli, hakuna fundi anayejua kilichomo. Sasa kampuni imetoa mashine mpya, kikuza picha kipya kinafanya kazi kwenye hiyo mpya tu, na cha zamani wamekizima. Wanasema wamechoka kukihudumia. Mimi nasema wanataka tununue.

Kuna kingine, cha wazi. Kimeandikwa na watu wa huku na kule, yeyote anaruhusiwa kukichukua, kukitazama ndani na kukitia kwenye mashine yoyote. Siyo kizuri sana, nyasi zinatetemeka kidogo kama zina homa. Lakini mpira utauona. Fundi mzuri wa simu anaweza kukiweka.

Shukrani za ile gemu usinipe mimi. Siku nyingine nitakueleza.

Msalimie kaka. Mwambie dada yake anamwombea.

Asmahani

*

Ngamiani
6 Julai 2025

Wifi yangu wa maneno machache,

Nimekusoma na nimekuelewa, tena kuliko ulivyojieleza mwenyewe. Kumbe humo ndani ya mashine kakaa mmbea. Kaona robo, kasema zima. Sasa hiyo kazi si ndiyo yangu? Miye nikimwona mtu anapita na kuku asubuhi, mchana nshajua wageni wanatoka wapi na wanalala kwa nani. Kampuni ingenifuata hapa Barabara ya Kumi na Tatu, ningewajazia nyasi zao zote kwa kahawa na kashata.

Nikampelekea kaka yako habari kwa furaha. Nikamwambia, mume wangu, dawa imepatikana, kuna Noa, fundi wa simu, kijana wa Kibondei, anasema anakiweka hicho cha wazi na kahawa hujamaliza. Akaniambia, "Usiiguse."

Nikamwuliza, mbona?

"Ya kampuni ni ya kampuni. Ina mwenyewe. Nitavumilia ukungu."

"Tangu lini weye ukavumilia kitu? Chai ikipoa kidogo unapiga kelele mpaka watu wa Nguvumali wanasikia."

"Nimesema usiiguse, Fakhria."

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo pana jambo. Noa alinieleza kwamba ukiifungua mashine ukatia cha wazi, kampuni inajua, nayo inakufungia mlango wake wa mtandao. Unacheza peke yako au na mashine, wale wa mbali huwapati tena. Na kaka yako nilipomwambia hivyo akazidi kukaza uso. Nikaanza kupiga hesabu zangu. Huyu Mpitanjia ni nani? Mbona kila siku saa ileile? Mbona mzee ikikaribia alasiri ananiambia nimchane ndevu? Jumanne kaniomba nimtie hina. Mtu anayecheza mpira na mwanamume mwenzie anatiwa hina ya nini? Na anatabasamu, wifi. Anafungwa bao na anatabasamu. Mpira gani huo?

Nilimnong'oneza Devota, jirani yangu wa ukuta mmoja, mama wa Kilutheri mwenye adabu zake, hapendi umbea ila anasikiliza. Akaacha kuchambua mchele akasema, "Mama Hisham, huyo ni mwanamke." Nami ndivyo nilivyokuwa nimeshasema moyoni.

Miye nimfue, nimlishe, nimgeuze, halafu tabasamu liende kwa Mpitanjia? Nakuandikia nacheka lakini mkono wangu umechoka hata kushika kalamu. Nitafanya nitakavyo.

Fakhria

*

Muscat
20 Julai 2025

Wifi Fakhria,

Nimecheka mpaka mteja akaniuliza kama mimi ni mzima. Kaka Masoud na mwanamke wa mtandaoni? Hata wewe ulipoposwa mama ndiye aliyemsukuma mlangoni aingie.

Lakini tusitaniane sana. Usiifungue bila ruhusa yake. Hapa dukani vijana wanabishana juu ya jambo hili kila siku. Mmoja anasema cha kampuni ndicho bora, kwa sababu wao wanaijua mashine yao kila msumari, na picha yake ukiiona utailamba. Mwenzake anamjibu, sawa, ila siku wakikuchoka wanakuzimia taa ukiwa ndani. Wanasema mashine zijazo nyingine zitatoka na cha wazi tangu kiwandani. Wanasema. Mimi nauza tu, sina upande. Ninachojua ni kwamba ukivunja kufuli la kampuni, hurudi tena. Hawasamehi.

Halafu kuna jambo nimelishangaa. Nilikuwa nikimsomea mume wangu barua yako, Hisham yumo jikoni. Nilipofika hapo pa kufungua, akatoka na sabuni mikononi akaniambia, "Shangazi, mwandikie Mama asiifungue. Mwandikie kwa herufi kubwa." Basi haya: ASIIFUNGUE. Nikamwuliza, wewe inakuhusu nini? Akarudi jikoni kuosha vikombe ambavyo nilikuwa nimeshaviosha mimi.

Kakonda, nikwambie ukweli. Saa kumi na moja ya jioni ikikaribia kila siku anaacha kazi, anapanda juu ya paa, anasema anapunga upepo. Upepo wa Muscat mwezi wa saba ni kama wa mdomo wa tanuri.

Shekhe anasema ataondoka wiki ijayo. Namwomba Mungu barua hii iwahi.

Asmahani

*

Ngamiani
27 Julai 2025

Wifi Asmahani,

Barua yako ya mwezi huu sijaiona, Shekhe labda bado anakula ubuyu wangu huko. Nakuandikia bila kumngoja, utaletewa na msafiri mwingine, maana nimefanya jambo na sijui nilitengue vipi.

Niliipeleka. Mzee kalala adhuhuri, nikaifunga kwenye kanga kama mtoto mchanga, nikaenda nayo kwa Noa. Kijana akaniuliza mara mbili, "Mama, mzee anajua?" Nikamwambia anajua. Akafungua, akaunganisha waya, akabonyeza, akaniambia tazama. Wifi, kioo kimeng'aa. Nyasi zinatetemeka kama ulivyosema, lakini namba za migongoni unazisoma. Nikarudi nyumbani naimba njia nzima.

Alasiri ikafika. Nikamketisha, nikamwekea mto, nikampa. Akatazama. Akasema, "Inaonekana vizuri." Nikasema moyoni, umeona. Akabonyeza. Akabonyeza tena. Akaniuliza, "Mpitanjia yuko wapi?"

Nami kwa ujinga wangu nikacheka. Nikamwambia, Mpitanjia ndiyo basi, kampuni imefunga mlango, mtafute mwingine, na ukimkosa nipo miye nitajifunza. Nikadhani atapiga kelele. Ningependa angepiga kelele. Aliiweka ile gemu juu ya mto taratibu, kioo chini, kama unavyomfunika maiti uso. Akasema, "Nigeuze."

Nikamgeuza. Ukutani.

Tangu siku hiyo haigusi. Uji anakunywa vijiko viwili. Vidole vimeanza kukunjika tena, nikimkanda anautoa mkono. Nikimwuliza huyo Mpitanjia ni nani kwako, anavuta shuka. Devota anasema mapenzi ya uzeeni ni mabaya, yanaua. Nimemwambia anyamaze, na miye kumwambia mtu anyamaze unajua nimefika wapi.

Nilitaka mume wangu auone mpira, wifi. Na nilitaka asimwone yule mwingine. Yote mawili nimeyapata, na nyumba imekuwa kimya kama ina msiba. Sijachoka hivi hata mwaka ule aliopigwa na kiharusi. Siimbi tena. Kuku tu ndio wanaosikika uani.

Nipe shauri.

Fakhria

*

Muscat
10 Agosti 2025

Wifi,

Kaa chini kwanza. Siyo kwenye ndoo, kaa kitini.

Mpitanjia ni Hisham.

Gemu ile sikuinunua mimi, aliinunua yeye kwa mshahara wake wa kwanza hapa dukani, akaniomba niseme ni yangu, maana baba yake angeitupa mtungini na yenyewe. Hilo nililijua nikalificha, na unisamehe. Hili la kucheza naye sikulijua. Nilipanda juu ya paa kumwita chakula nikamkuta kasimama kwenye lile joto, mashine mkononi, kioo kimeandika kwamba mpinzani wake hapatikani. Ananiambia kila siku anangoja mpaka muda wake unakwisha. Nikamsomea barua yako. Akakaa chini pale pale, juu ya saruji, mtu mzima mwenye ndevu.

Anasema kwenye mtandao wa kampuni huhitaji kusema wewe ni nani. Unachagua jina la uongo, unamtafuta mtu, mnacheza, hakuna sauti, hakuna salamu. Kwa hiyo baba yake hajavunja kiapo na yeye hajamkosea adabu. Sasa mlango umefungwa, na hajui kama baba yake alikuwa anamjua au alikuwa anacheza na mgeni tu. Hilo ndilo linalomla. Akaniambia, "Shangazi, kama hakunijua, basi sikuwa na baba hata kwenye gemu."

Jana kafanya jambo. Kaichukua mashine yake kaifungua mwenyewe, katia kile cha wazi. Akaunti yake yote, vikombe vyake alivyoshinda, vimekwenda. Anasema huko upande wa wazi watu wanaunganishwa pia, moja kwa moja, mtu na mtu. Lakini hakuna kubahatishana gizani. Lazima mmoja amwite mwenzie kwa jina analolijua, na mwenzie aitike. Nikamwambia, basi mwite. Akasema mtoto aliyenyimwa radhi hamwiti baba, anangoja kuitwa.

Kwa hiyo neno liko kwako, wifi. Mwulize kaka. Ila mwulize kwa upole, siyo kwa mdomo wako ule wa barazani.

Asmahani

*

Ngamiani
31 Agosti 2025

Wifi yangu Asmahani,

Barua zako zote mbili zilifika siku moja, ya herufi kubwa na hii ya pili. Shekhe alikaa Dar na ile ya kwanza akiuguza jino, ya pili kaileta msafiri mwingine. Nilisoma ya mwisho kwanza. Halafu nikasoma ile ASIIFUNGUE. Nikaenda uani nikakaa na kuku mpaka wakanizoea.

Niliingia chumbani sikujua nianzie wapi, miye. Nikakaa upande wa ukuta, pale anapogeukia, ili anione apende asipende. Nikamwambia, "Masoud, Mpitanjia ni nani?"

Akafumba macho.

Nikamwambia, "Unamjua?"

Kisha akasema, "Ana mtindo wake. Anakimbia na mpira mpaka kona ya kushoto, anasimama kama kachoka, halafu anaurudisha kwa kisigino. Nani alimfundisha?"

"Nani?"

"Mimi. Kule Tongoni, nyuma ya nyumba ya mama, na mpira wa matambara." Akafungua macho. "Siku ya pili tu nilijua."

Nikamwambia, na kiapo chako je, mwanamume weye? Akanitazama kama mwalimu wa chuoni. "Nilitaja ulimi na sikio. Vidole sikuvitaja."

Wifi, nilicheka. Nikalia nikicheka. Nikamwomba radhi, nikamwambia nilidhani ni mwanamke. Akauliza mwanamke gani? Nikamwambia wa hina. Akasema hina aliitaka kwa sababu mwanawe alikuwa anacheza naye, na mtu hakutani na mwanawe yuko hovyo. "Hata kama hakuoni?" nikamwuliza. "Hata kama haoni," akasema. Nimemwuguza muda wote huo sikumjua, nikamjazia nyasi zangu mwenyewe.

Basi nikamweleza ya Hisham yote. Ya juu ya paa, ya akaunti, ya kwamba huko kwa wazi lazima mmoja aite kwa jina. Nikajua tumefika penyewe, maana kumwita ni kusema naye, na kusema naye ni kuvunja kiapo. Nikaogopa atageuka. Akasema, "Mwite imamu aniambie kafara yake."

Masikini kumi, wifi, kuwalisha. Nimepika tangu alfajiri. Wali wa nazi, samaki wa kupaka, mchicha. Kupata masikini kumi Ngamiani si kazi, kazi ni kuwazuia waliobaki. Mpaka Shekhe alikuja na jino lake akasema naye masikini. Devota alinisaidia kukuna nazi, nimemweleza mambo yalivyo, ameona haya mpaka akakuna na vidole. Mzee alitaka apakue mwenyewe. Nimemshikia sahani, yeye kashika upawa kwa ule mkono uliokuwa umekufa, wali unamwagika, lakini kila mmoja alipakuliwa na yeye. Miguu yangu imevimba kama maandazi. Nimekaa kwenye kiti, umesema nisikae kwenye ndoo.

Noa kaja akatengeneza hiyo njia ya mtu na mtu. Akauliza, "Mzee, jina la kuandika?" Nilimwacha ajibu mwenyewe. Sasa kaniomba kalamu, anataka kukuongezea maneno hapo chini, yanamhusu Hisham. Herufi zake zinapanda mlima, mvumilie.

Wifi yako,
Fakhria

*Hisham,*

*Mimi baba yako. Radhi zangu unazo.*

*Kwenye mashine nimeandika Masoud. Na wewe andika lako ulilopewa. Mpitanjia simtaki, hapa si njia, hapa ni kwenu.*

*Picha inaonekana. Kona yako ya kushoto nimeshaijua, tafuta nyingine.*

*Kila siku, baada ya alasiri, nakuita mimi.*